Miiba ya Kahawa

Mwalimu Mackrine aliwadharau watu wengi, lakini hakuna aliowadharau kama wale wanaozungumzia kitabu ambacho hawajakisoma. Kwa bahati mbaya yake alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya bweni kule Kimuli, kwa hiyo watu wa namna hiyo ndio aliokula nao, ndio aliofundisha nao, na ndio aliosahihisha karatasi zao mpaka macho yakamuuma.

Wanafunzi wake wa Kidato cha Nne hawakusoma riwaya. Walisoma vijitabu vya uchambuzi, vile vyembamba vyenye karatasi ya rangi ya maji machafu, vinavyouzwa pamoja na kalamu na betri za tochi. Ndani ya kijitabu kama hicho riwaya nzima ilikuwa imekamuliwa ikabaki dhamira, ujumbe, falsafa na mbinu za kisanaa, kila kimoja na mfano wake, tayari kukaririwa. Mtoto aliingia kwenye mtihani, akamwaga alichokariri, akatoka na alama nzuri, na mwezi uliofuata hakumkumbuka hata mhusika mmoja.

"Mnameza maganda ya ndizi," Mackrine aliwaambia, "halafu mnapita mkijisifu kwamba mmeshiba ndizi."

Walicheka, wakaendelea kumeza.

Aliyemchosha kuliko wote ni Kokushubira, binti wa mkulima wa kahawa wa Ndama, msichana mrefu ambaye hakujua kunyamaza. Siku moja alisimama katikati ya kipindi, mikono nyuma kama alivyofundishwa, akauliza.

"Samahani Mwalimu. Hivi vitabu vya zamani vya nchi yetu vinatusaidia nini? Walioviandika walishakufa, na shida zao zilikwisha. Dada yangu alivisoma vyote, leo anauza vocha."

"Kuuza vocha ni kazi halali," Mackrine alijibu. "Lakini dada yako hakusoma hata kimoja. Nilimfundisha mimi, namfahamu. Alisoma vijitabu kama unavyosoma wewe. Usiwasingizie marehemu uvivu wa dada yako."

Darasa likaguna. Kokushubira akakaa, uso umemwiva. Mackrine aliendelea na somo bila kulijibu lile swali, kwa sababu aliona mtu anayeuliza kitabu kina faida gani kabla hajakifungua hastahili jibu.

Basi mwezi wa sita, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye kila ua, pakatokea mwandishi.

Mwandishi huyo aliitwa Projestus. Alikuwa mfanyabiashara wa kahawa wa Kayanga, mwenye malori, mwenye kitambi, mtu wa kukaa kiti cha mbele kwenye harambee za Walutheri na za Wakatoliki pia. Kwa muda mrefu alikuwa akiumezea mate ubunge, na kuna mtu alimnong'oneza kwamba wapiga kura wa siku hizi wanapenda msomi. Kurudi shule ni kazi. Kutoa kitabu, alifikiri, si kazi. Punde si punde picha zake zikabandikwa kuanzia Kayanga mpaka Nyakakika: Projestus kashika tama, kalamu mkononi, anatazama mbali kama mtu anayesubiri lori lililokwama. Chini yake pameandikwa *Damu ya Buni, riwaya ya kwanza ya aina yake*.

Mkuu wa shule, Mwalimu Elpidius, alimwita Mackrine ofisini huku akitabasamu, jambo ambalo kwa kawaida lilikuwa dalili mbaya.

"Mwalimu, tumepewa heshima. Kwenye uzinduzi, uhakiki utatolewa na shule yetu. Maana yake utatolewa na wewe. Na mheshimiwa mwandishi ametuahidi nakala za darasa zima."

"Kitabu chenyewe nimekisoma lini, Mkuu?"

"Hiki hapa. Uzinduzi ni keshokutwa. Usikisome chote, kipitie tu. Sifa kidogo, nukuu mbili, halafu ukae."

Mackrine alikichukua kile kitabu kwa vidole viwili. Jioni, ndizi zikiwa jikoni, alikaa kwenye benchi la barazani akakifungua. Ukurasa wa kwanza alisoma huku amekunja uso. Wa pili alisimama. Wa tatu aliingia ndani, akafungua sanduku lililo chini ya kitanda, akatoa kitabu kingine, cha zamani, jalada lake limeshonwa kwa uzi.

Kitabu hicho kiliitwa *Singa Nyeupe*, kwa jina la nyuzi za mkonge. Kiliandikwa na karani mmoja wa shamba la mkonge la Tanga, mtu aliyefariki zamani bila makelele. Kilisimulia maisha ya manamba, wale vibarua waliotolewa mbali kwenda kukata mkonge. Wakati fulani kilisomwa mashuleni nchi nzima, kikatungiwa mitihani, halafu kikaondolewa, na wachapaji wakakisahau. Mackrine alikuwa amekisoma tangu chuo cha ualimu, akakirudia kila mwaka wakati wa mvua za vuli, na sentensi zake alizijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwake gizani.

*Damu ya Buni* ilikuwa *Singa Nyeupe*. Haikufanana nayo, ilikuwa yenyewe. Mtu fulani alikuwa ameketi na kubadilisha majina tu. Mhina, kibarua shujaa, alikuwa ameitwa Mugisha. Mwanaidi, mke wa nyapara, alikuwa ameitwa Anonciata. Tanga ikawa Karagwe. Na kila palipoandikwa mkonge, paliandikwa kahawa.

Hapo ndipo palipokuwa na maajabu. Mwizi huyo, awaye yote, hakuwa ameona shina la mbuni maishani mwake. Mackrine alisoma kwa sauti, peke yake pale barazani: "Mugisha aliinama chini ya jua kali, akakata majani ya kahawa kwa panga, na mwiba wa ncha ya jani ukamchoma kwenye paji la uso. Alifunga tita la mwisho la kahawa, akalitupa kwenye toroli."

Alicheka mpaka ndizi zikaungua. Miiba ya kahawa! Matita ya kahawa! Katika wilaya ambazo mtoto anajua kuchuma buni kabla hajajua kufunga vifungo vya shati!

Kicheko kilipomwisha akashikwa na hasira. Asubuhi alikwenda ofisini na vitabu vyote viwili.

"Mkuu, huyu mtu ameiba."

Elpidius alivitazama vile vitabu bila kuvigusa. "Hiki cha zamani nakijua," alisema kwa furaha. "*Singa Nyeupe*. Ndicho nilichojibu kwenye mtihani wangu wa Kidato cha Nne. Nilipata alama ya juu kabisa."

"Vizuri. Basi soma hapa, na hapa."

Mkuu alisoma hapa na hapa. Aliinua kichwa. "Kwani vimefanana?"

"Mkuu, umesema ulikijibu kwenye mtihani."

"Nilikijibu. Unyonyaji, uonevu, nafasi ya mwanamke katika jamii, vyote nilivijibu. Lakini mambo ya nani kachomwa na mwiba gani, hayo hayakuulizwa." Akavisukuma vitabu vikarudi upande wa Mackrine. "Mwalimu, nakuomba. Nakala za darasa zima. Na anasema atatuezekea bwalo. Usituharibie."

Mackrine alimtazama yule mtu, mwenye shahada yake ukutani ndani ya fremu, akahisi kitu kama huruma, lakini hakikudumu.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa Kayanga ulijaa. Walikuwepo mapadre na wachungaji, walimu, wafanyabiashara, wazee wa vyama vya ushirika wa kahawa wakiongozwa na Mzee Polikarpi, ambaye alikuwa amelima kahawa tangu ujana wake. Wanafunzi wa Kidato cha Nne waliletwa kuimba. Mgeni rasmi, ofisa mstaafu aliyeitwa Elick, alisimama akasema kwamba amesoma vitabu vingi vya ndani na nje, lakini hajapata kuona riwaya kama hii, na kwamba tangu uhuru taifa lilikuwa likiisubiri. Mackrine alipiga hesabu ya umri wake. Huyu naye alikuwa wa kizazi kilichofanyiwa mtihani wa *Singa Nyeupe*. Nusu ya wakubwa waliokaa pale mbele walikuwa wamepata vyeti vyao, na kwa vyeti hivyo kazi zao, kwa kujibu maswali ya kitabu kile kile kilichokuwa mezani mbele yao na jalada jipya. Na walikuwa wakikipigia makofi kama mgeni.

Kijana mshereheshaji alisoma dondoo. Kwa ushenzi wake alichagua ile ya mwiba. "...na mwiba wa ncha ya jani ukamchoma kwenye paji la uso!" Ukumbi ukashangilia. Mzee Polikarpi, mkulima, alipiga makofi mpaka kofia ikamwanguka.

Ndipo Mackrine akaitwa. Alipanda jukwaani na mkoba wake.

"Nimeombwa nihakiki," alisema. "Kabla ya hapo nina swali kwa mwandishi. Mheshimiwa, katika kahawa yako, ule mwiba unaota wapi?"

Projestus alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. Hakuonyesha kuhangaika hata kidogo.

"Mwalimu wangu," alisema kwa sauti ya upole, "nyinyi walimu mnatufundisha kwamba fasihi ina ishara. Mwiba ule si mwiba. Ni unyonyaji."

Makofi yakalipuka. Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa kustaajabia hekima. Mackrine akasubiri mpaka wachoke.

"Na matita? Nani hapa amewahi kufunga tita la kahawa? Mzee Polikarpi, wewe umefunga matita mangapi msimu huu?"

Mzee Polikarpi alitazama kulia, akatazama kushoto, akacheka kwa aibu. "Sisi tunatia kwenye magunia, Mwalimu. Lakini nilidhani kwenye vitabu mambo huwa tofauti."

Wachache walicheka. Mackrine akatoa *Singa Nyeupe* mkobani, akasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu kimoja, halafu ukurasa wa kwanza wa kingine. Akasoma habari za mwiba kwenye mkonge, mahali pake, palipo na maana, na habari za mwiba kwenye kahawa. Hakuongeza neno. Alidhani neno halihitajiki. Alipoinua macho, alitazamia kuona nyuso zilizofedheheka.

Aliona nyuso zilizokasirika, na zilimkasirikia yeye.

"Wivu!" alipaza sauti mwanamke mmoja aliyevaa kitenge chenye picha ya mwandishi. Mgeni rasmi alichukua kipaza sauti akasema kwamba waandishi wote duniani huazimana mawazo, na kwamba si utamaduni wetu kumwaibisha mtu mchana kweupe. Mshereheshaji akaamuru kwaya iimbe. Mwalimu Elpidius alikuwa ameficha uso ndani ya ratiba. Projestus mwenyewe, na hili ndilo lililomshangaza Mackrine, alikuwa akimtazama kwa mdomo wazi, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa ambaye ndiyo kwanza anamwona akianguka. Mackrine akaelewa papo hapo. Yule bwana hakujua. Aliyemwandikia alikuwa amemwibia yeye pia, naye hakugundua kwa sababu hakuwahi kusoma kitabu cha zamani wala kitabu chake mwenyewe.

Wakati wa kurudi Kimuli walimu wenzake walikaa mbali naye ndani ya basi la shule. Basi lilipokaribia shule, Kokushubira alihamia kiti cha jirani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuniambia nina wivu?"

"Hapana. Nilikuwa natazama watu wazima wanavyopiga makofi. Baba yangu alikuwa pale nyuma. Alipiga makofi kwa miiba, Mwalimu. Baba yangu! Ana mibuni mpaka mlangoni." Sauti yake ilikuwa na uchungu. "Halafu mimi mwenyewe nilipiga. Nilipiga kwa sababu wao walipiga."

"Ndiyo hasara yenyewe," Mackrine alisema. "Uliniuliza vitabu vya zamani vina faida gani. Sijui faida yake, sijawahi kuipima. Lakini hasara ya kutovisoma umekaa nayo ukumbi mmoja. Mtu anakuuzia shati la babu yako, na wewe unamsifia kwa ushonaji."

Kokushubira alifikiri. "Hicho kitabu kipo kimoja tu?"

"Ninavyojua mimi, huku kwetu ni kimoja."

"Na kimekuwa chini ya kitanda chako miaka yote?"

Msichana alikuwa ameuliza kwa adabu kabisa. Mackrine aligeuka akatazama migomba nje mpaka wakafika.

Nakala za *Damu ya Buni* zililetwa kama zilivyoahidiwa, maana zilikuwa zimekwisha chapwa na hazikuwa na pa kwenda. Mkuu wa shule alizikabidhi kwa masharti kwamba zisisemwe vibaya. Mackrine aliahidi. Alimgawia kila mwanafunzi nakala yake, akasimama mbele na *Singa Nyeupe* mkononi, akasema:

"Mimi nitasoma hiki. Ninyi mtafuata kwenye hicho. Popote penye tofauti, simamisheni, msahihishe kwa kalamu. Mtu akileta kijitabu cha uchambuzi humu, nitakitumia kuwashia moto wa kupikia ndizi."

Siku za kwanza walifanya kwa mchezo. Walishindana nani atawahi kupaza sauti "Mwiba!" au "Tita!" na kucheka. Lakini kitabu ni kitabu, hata kikivishwa nguo za kuazima. Kufikia sura ya nne walikuwa hawasimamishi tena kwa kucheka, walisahihisha kimya kimya ili Mwalimu asipoteze mwendo. Hagenimana, kijana mpole kutoka familia ya Kirundi iliyohamia zamani, ambaye Mackrine hakuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo", aliinua mkono wakati wa habari za safari ya vibarua.

"Mwalimu, babu yangu alikuwa manamba. Alitoka kwetu kwa miguu. Alikuwa na jicho moja. Sisi tulimcheka, tukidhani ni ugonjwa. Aliposema ni mkonge, tulidhani mkonge ni jina la mtu."

Mackrine alifunga kitabu mpaka kesho yake.

Sura ya kumi na moja Mhina, yule Mugisha wa nakala zao, alikufa. Toroli lililojaa matita liliacha reli likamlalia, na wenzake wakamzika kando ya njia bila jeneza. Sura mbili za mwisho hazikuwa na shujaa tena. Alibaki Mwanaidi, mke wa nyapara, ambaye alisimama mahakamani akasema ukweli juu ya mumewe, hakuaminiwa, akatoka akashika njia ya reli na mtoto mgongoni. Kitabu kiliishia hapo. Darasa liligawanyika. Wengine walisema alikuwa mjinga, angenyamaza ale chakula chake. Kokushubira alisimama juu ya benchi akiwajibu. Kengele ililia, wakatoka nje wakibishana, wakaingia bwaloni wakibishana, na Mackrine aliyekuwa amewadharau kwa miaka mingi alibaki darasani akifuta ubao uliokuwa safi.

Dharau yake, hata hivyo, ilikuwa na pa kwenda. Alhamisi mchana gari kubwa jeupe lilisimama mbele ya nyumba yake, akashuka Projestus, peke yake, amebeba sukari na sabuni kama mtu anayekwenda kwenye msiba.

"Hodi Mwalimu."

"Karibu. Keti."

Alikaa kwenye benchi, akapangusa jasho. "Nimekuja kwa amani. Yule kijana wa Mwanza aliyeninyooshea lugha..."

"Aliyekunyooshea lugha, au aliyekuandikia?"

"Tuseme alinisaidia. Aliniapia kwamba ni kipya. Nimemtafuta, simu haipatikani." Akakohoa. "Sasa yamekwisha, tuyaache. Tatizo langu ni hili. Jumamosi jioni naitwa redioni, mahojiano ya saa nzima. Na watu siku hizi wananiuliza maswali. Wananiuliza, Mugisha mwishowe inakuwaje? Mimi nawaambia someni. Lakini mtangazaji siwezi kumwambia asome."

"Bwana Projestus, kitabu chako hukukisoma?"

"Nimekipitia. Mambo ni mengi, Mwalimu. Malori, mikutano. Nikifika ukurasa wa tano usingizi unanishika. Wewe nisaidie kwa ufupi tu. Maneno machache. Mugisha inakuwaje?"

Kitabu kilikuwa mle ndani ya gari, Mackrine alikiona kwenye kiti cha nyuma, bado kimevaa nailoni. Kilikuwa na kurasa za kumalizwa na mtu mzima kwa siku mbili. Yule bwana alikuwa ameendesha kutoka Kayanga mpaka Kimuli, kwenye vumbi lile lote, ili asikisome. Dharau ilimpanda Mackrine, ya moto, tena tamu, na kabla hajajizuia alisikia sauti yake ikisema kwa upole:

"Mugisha? Mugisha anafanikiwa."

"Ee!" Projestus akasogea.

"Anafanya kazi kwa bidii, anapata mtaji, ananunua lile shamba lote. Halafu wananchi wanamfuata wenyewe, wanamwomba agombee. Anapita bila kupingwa. Wanambeba juu juu mpaka nyumbani kwake."

Projestus aliupokea mwisho huo kama mtu anayepokewa mzigo. Uso ulimng'aa. "Nilijua tu," alisema. "Nilijua. Ni kitabu kizuri, Mwalimu. Kizuri sana." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka, vumbi likabaki limesimama barabarani.

Usiku ule Mackrine hakujuta. Ijumaa alijuta kidogo. Alijiambia kwamba amemdanganya mtu mzima aliyekuja na sukari. Akajijibu kwamba ukweli ulikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, angenyoosha mkono tu.

Jumamosi jioni aliweka redio dirishani, akaanza kumenya ndizi. Mtangazaji alimtambulisha "mwandishi nguli wa ukanda wetu". Projestus alizungumza juu ya vijana, akawahimiza wapende kusoma, wapende fasihi ya nchi yao, kwa sababu taifa lisilosoma halina macho. Alisema vizuri. Alisema vizuri mno, na Mackrine akamenya ngozi ya kidole pamoja na ndizi. Kisha swali lenyewe likaja, na jibu likatoka kama lilivyotoka barazani: bidii, mtaji, shamba, wananchi wenyewe, bila kupingwa. "Na sisi pia," Projestus aliongeza, "tunaweza kumpata Mugisha wetu mwaka huu."

"Maneno mazito hayo," alisema mtangazaji.

Mackrine alisubiri. Hakuna kilichotokea. Mtangazaji aliendelea na swali la familia. Wilaya mbili nzima zilikuwa zikisikiliza, na maiti ilikuwa imeshinda uchaguzi, na hakuna mtu aliyekohoa. Aliweka kisu chini. Alijiona mpumbavu kuliko wote, mtu aliyetega mtego msituni pasipo mnyama.

"Tupokee simu," mtangazaji akasema. "Haloo, nani mwenzetu?"

"Shikamoo mwandishi," ilisema sauti ambayo Mackrine angeitambua hata ndani ya pipa. "Naitwa Kokushubira, napiga kutoka Kimuli, kwa simu ya matroni wetu, ametukubalia."

"Marahaba, marahaba binti," alisema Projestus kwa furaha. "Umesoma kitabu changu?"

"Tumekisoma darasa zima, neno kwa neno. Nina swali moja tu. Huyu Mugisha aliyepita bila kupingwa, ni yule aliyelaliwa na toroli sura ya kumi na moja, tukamzika, au ni mwingine?"

Kilisikika kiti kikikwaruza sakafu.

"Binti yangu," Projestus alisema, "mwandishi ana uhuru wake."

"Ndiyo, mwandishi. Lakini kwenye kitabu chako amekufa. Nimekishika hapa. Nikusomee?"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele nyingine, ya watu wengi wanaojaribu kujizuia. Mtangazaji alisema kuna hitilafu ya mitambo, na muziki ukaanza. Lakini Mackrine alikuwa hasikilizi redio tena. Kutoka upande wa pili wa uwanja wa shule, kwenye bweni la wasichana, na punde baadaye kutoka bweni la wavulana, kicheko kilikuwa kimelipuka, kikubwa, cha dharau tupu, kikapita juu ya migomba na kumfikia pale dirishani.

Alikisikiliza mpaka kikaisha. Halafu alizima redio, akafunga kidole chake kwa kitambaa, akarudi kwenye ndizi zake.